Chuo kikuu kisigeuke kituo cha Kijerumani cha visa
Safu ya Wiki — Na Hadija Komba

Ukimuuliza mwanafunzi wa Kijerumani siku hizi anasomea nini, jibu analo mdomoni: B1, B2, halafu safari. Simlaumu. Ujerumani inazeeka, hospitali zake zinasaka wauguzi, na majirani zetu Wakenya walishatia saini makubaliano ya ajira mjini Berlin Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakishuhudia. Binti anayeweza kuzungumza na mgonjwa wodini Stuttgart atasomesha wadogo zake wote. Hesabu hiyo haihitaji profesa.

Nongwa yangu ni kwa vyuo vikuu vinavyotaka kuikimbilia hesabu hiyohiyo. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam, ipo Nairobi, na kufundisha na kutahini viwango vya lugha kama B1 na B2 ndiyo kazi yake. Mtu hahitaji miaka mitatu ya shahada na mkopo wa serikali ili afaulu B2.

Ipo kazi ambayo kituo cha lugha hakitaifanya kamwe, nayo imelala kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Pale pamehifadhiwa maelfu ya mafaili ya utawala wa kikoloni wa Kijerumani: ardhi, kodi, misitu, shule, kesi. Hata orodha ya mafaili hayo ilichapishwa Marburg, mwaka 1973, kwa Kijerumani.

Sasa fungua faili moja lililoandikwa kwa mkono. Mwenye cheti cha C1 atakwama mstari wa kwanza. Mwandiko wa enzi hizo unaitwa Kurrent: herufi e inafanana na n, na u inatofautishwa na n kwa kijikunjo kinachowekwa juu yake, ambacho karani mwenye haraka aliweza kukiruka. Jina la kijiji, lililoandikwa na ofisa aliyelisikia kwa sikio la Hamburg, linabaki fumbo mpaka apatikane mtu anayejua mwandiko na anayejua mahali penyewe. Mjerumani wa kawaida wa leo hausomi. Shule zao ziliamriwa kuuacha mwaka 1941. Kwa hiyo mwanafunzi wa Songea na mwenzake wa Freiburg wanaanza pamoja, ila wa Songea ana Kingoni cha ziada.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya simulizi za wazee walioviona vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Kazi ya heshima kubwa. Wazee wale wametangulia, simulizi zimebaki, na upande wa pili wa habari, yaani ripoti za maofisa, tumewaachia zaidi wageni watusomee. Baadhi wametusomea vizuri sana. Mwanahistoria John Iliffe ni mmoja. Lakini hadi lini?

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na akaahidi kwamba fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani, litatafutwa. Litatafutwa kwenye madaftari ya Kijerumani, na msomaji wetu humo ni nani? Tunaweza kuulaani ukoloni kwa Kiingereza semina baada ya semina, posho zikalipwa, na daftari lisifunguliwe hata ukurasa mmoja.

Hata somo la utamaduni lingenoga. Badala ya kukariri sherehe za bia za Munich, mwanafunzi asome habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin kwenye chuo cha lugha za mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, na aliyefia mji huohuo mwaka 1927. Wenzetu walijifunza lugha yetu wakijua fika wanaitakia nini.

Ninachodai si kikubwa. Muhula mmoja wa kusoma Kurrent. Kisha kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe jalada moja, alinakili kwa herufi za kawaida na alitafsiri kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo iwe tasnifu yake. Tukiomba msaada kwa Wajerumani, tuombe wa kugharamia hilo.

Najua mzazi atauliza mwandiko wa marehemu unalipa nini. Makumbusho ya Berlin, Leipzig na Stuttgart yana vitu vingi mno vilivyobebwa kutoka huku, na sasa yanabanwa yaeleze vilichukuliwa kwa nani na kwa njia gani. Anayesoma faili la Kijerumani na kumhoji mzee kwa Kiswahili ana cha kuwauzia. Na akiona kazi hiyo haimfai, uuguzi upo palepale, na B2 anayo.