Kimya cha Chumbani si Uponyaji

Chumba kikitulia, nyumba nzima inatangaza ushindi. Baba aliyekuwa akikoroma hadi wageni wanahamia sebuleni sasa kavaa barakoa, mashine ya CPAP inampulizia hewa kando ya kitanda, mama naye kapata usingizi wa maana baada ya miaka mingi. Asubuhi simu inaleta alama 96 kwa 100, za kijani. Dawa imekubali! Naomba niharibu sherehe: katika ushahidi huo wote, hakuna hata kimoja kinachotosha kuonyesha kwamba mzee amepumua sawasawa usiku kucha.

Kukoroma ni kelele ya nyama laini za koo zikitikiswa na hewa inayopita. Koo likiziba kabisa, hewa haipiti, na pasipo hewa hapana kelele. Kwa hiyo dakika mbaya kuliko zote za ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini ndizo zilizo kimya: kifua kinahangaika, tumbo linapanda na kushuka, mdomoni hakuna kitu, kwa sekunde 10, 20, pengine 40, mpaka ubongo ushtuke na mtu avute pumzi kwa kishindo. Wapo waliopasuliwa koo, na wapo wanaovaa kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele, ambao mkoromo umeisha na pumzi bado inakatika. Ndiyo sababu wataalamu hutaka kipimo cha usingizi kirudiwe baada ya tiba hizo. Sikio la mwenza ni shahidi mzuri wa kwamba ugonjwa upo. Kwamba umeondoka, halijui.

Na alama 96? Chukua myAir, programu ya simu ya wenye mashine za ResMed. Katika alama zake 100, 70 ni za saa ulizovaa barakoa, 20 za barakoa kubana vizuri bila kuvujisha hewa, 5 za kutoivuavua. Zinabaki 5. Hizo 5 ndizo za pumzi kukatika, yaani ugonjwa wenyewe uliokupeleka kwa daktari. Siilaumu programu, ilitengenezwa kumtia mtu moyo avae, na kuvaa ni nusu ya vita. Ninaowalaumu ni wanaoisoma kama cheti cha afya.

Mjanja atasema yeye haangalii alama, anaangalia AHI, yaani mara ambazo pumzi imekatika au kupungua kwa saa moja. Chini ya 5 ni kawaida, kuanzia 30 ni hali kali. Sawa, lakini tuipige hesabu. Mgonjwa ambaye bila tiba pumzi humkatika mara 30 kwa saa analala saa nane. Saa nne za mwanzo kavaa barakoa, pumzi inakatika mara 8 tu. Saa nane usiku anaivua kwa usingizi, au umeme unakatika, na saa nne zilizobaki analala bila kitu: mara 120. Mashine inagawa zile 8 kwa saa nne ilizokuwa usoni na kuandika 2. Safi kabisa. Usiku wake halisi ni mara 128 kwa saa nane, yaani 16 kwa saa, na hiyo ni hali ya wastani ya ugonjwa, wala si afya. Tena saa zilizopotea ndizo za hatari zaidi, kwa kuwa usingizi wa ndoto, ambamo misuli ya koo hulegea kuliko wakati mwingine wowote, hujazana kuelekea alfajiri.

Halafu mashine hiyo haina waya kichwani mwako. Inapima mkondo wa hewa, basi. Haijui kama umelala au umekodoa macho darini ukiwaza ada za watoto. Saa hizo nazo inazihesabu, na wastani unazidi kupendeza. Hewa ikivuja sana, hata kuhesabu kwenyewe kunayumba.

Kuna na hili la "saa nne zinatosha". Limetoka wapi? Bima ya afya ya serikali ya Marekani, Medicare, iliweka sharti kwamba mgonjwa atumie mashine angalau saa nne kwa usiku, katika asilimia 70 ya siku, ndipo iendelee kulipia. Ni sharti la mlipaji, na limegeuzwa dozi. Utafiti wa SAVE uliochapishwa 2016, wenye washiriki 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, haukuona CPAP ikipunguza matukio ya moyo na kiharusi. Wastani wa matumizi ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Wataalamu bado wanabishana maana yake, ila mimi sioni ajabu kwamba nusu usiku wa tiba haukuulinda moyo.

Tiba hii inahukumiwa mchana pia. Mwaka 1991 daktari Murray Johns wa Melbourne alitoa maswali manane ya Epworth: je, unaweza kusinzia ukisoma, ukiwa abiria kwa saa moja, ukizungumza na mtu, garini foleni ikiwa imesimama kidogo? Kila jibu ni 0 hadi 3, na jumla ikivuka 10 usingizi wa mchana umezidi. Namjua mzee mmoja wa barazani kwetu aliyekuwa akitupitishia simu tuone kijani chake, na kabla simu haijamrudia kidevu kishagusa kifua. Mwulize mwenyewe, atakwambia hasinzii, anafikiri. Kwa hiyo maswali hayo ajibu yeye, na mkewe ajibu kivyake, kisha majibu yalinganishwe.

Hata hayo si hakimu wa mwisho. Wapo wagonjwa wasiosinzia kamwe, na wapo wanaosinzia ingawa mashine inafanya kazi barabara, kwa upungufu wa damu, tezi ya shingo, sonona, dawa wanazomeza, au kwa kulala saa tano tu. Kupachika kipima oksijeni kidoleni asubuhi ukiwa macho hakusaidii. Kinachofaa ni kile kinachorekodi usiku mzima. Shinikizo la damu nalo lipimwe. Na kadi ya kumbukumbu ya mashine ikifika kwa daktari, asiishie kwenye wastani wa mwezi: afungue usiku mmoja mmoja, saa kwa saa, akianza na ule barakoa ilipovuliwa saa nane.