Kumpa Mwenzako Mkono

Vijana wapendwa, mwezi huu tuongee juu ya sataranji, mchezo ule wengi wetu tunaita eshek. Muwaze watu wawili wa klabu, si mabingwa, wamekutana katika mashindano. Wanakaa kimya. Kati yao kuko ubao wa vyumba 64, na kando yake saa yenye nyuso mbili: ukimaliza kucheza unabonyeza, na dakika za mwenzako zinaanza kukimbia. Ukigusa kete yako kwa nia ya kuicheza, shurti uicheze ile ile. Hakuna kusema “ngoja nirudishe”. Ni hapo jasho linatoka.

Munafikiri wanashindana kwa hesabu za ajabu? Hapana. Mara nyingi mmoja anaacha kete bila mlinzi, mwingine anaikula, basi. Lakini kuko namna nyingine ya kupoteza, na ile ndiyo inaniuma zaidi: kumpa mwenzako mkono na kusema umeshindwa, kumbe vita haijaisha. Ukisema vile, mchezo umekwisha palepale.

Musifikiri ni mambo ya wanafunzi tu. Mwaka 1902, katika mashindano ya Monte Carlo, Georg Marco alicheza na Ignatz von Popiel. Marco alikuwa mtu wa kazi hiyo kabisa, tena mhariri wa gazeti la sataranji kule Vienna. Kete yake moja, ile inayotembea pembe kwa pembe (Wafaransa wanaiita kichaa, Waingereza wanaiita askofu, mimi mchungaji nanyamaza), ilikuwa kama imefungwa kamba. Ikitoka, kilicho nyuma yake kinabaki wazi. Na Popiel alikuwa anaishambulia kwa nguvu. Marco akahesabu walinzi, akahesabu washambuliaji, akaona imepotea. Akakubali kushindwa.

Kumbe kamba ile haikuwa kamba. Kete ingeweza kuruka mpaka chumba kilicho kando ya mfalme wa Popiel. Hapo malkia wa Marco angekuwa tayari kumfunga mfalme yule kwa hatua moja tu, na mnara wake nao ungefunguliwa njia ya kushambulia. Popiel hangeweza kuzuia yote mawili. Aliyesema “nimeshindwa” ndiye alikuwa na ushindi mbele ya macho yake.

Alama ikaandikwa kwa Popiel. Miaka zaidi ya 120 imepita, na walimu wa sataranji wangali wanaupanga ubao ule mbele ya wanafunzi wao na kuwauliza: wewe ungecheza nini?