Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi

Wadau, leo tuongelee bei ya gita na kinanda. Msicheke, hii ni siasa ya mfukoni.

Chukueni vijana wa Ushongo kule Pangani. Wamechangishana, wanataka kinanda na spika wapige kwenye hoteli za ufukweni. Mmoja anatumwa: avuke mto, afike Tanga mjini, akikosa aende mpaka Kariakoo. Huko maduka mengi hayana kibandiko cha bei. Unauliza, unaangaliwa kwanza viatu na lafudhi, ndipo unatajiwa. Ukiletwa na winga, cha juu chake kimo humo humo kwenye bei yako. Nauli imeshaliwa, kurudi mikono mitupu ni aibu. Muuzaji analijua hilo.

Haya, tuichambue hiyo bei. Vyombo hivi karibu vyote vinatoka nje. Forodha hawaangalii bei ya kiwandani peke yake. Wanajumlisha mzigo, bima na nauli ya meli, wanapiga ushuru. Halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa ndani. Kodi juu ya kodi! Mfano wa hesabu tu: mzigo wa sh. 200,000, tuseme ushuru ni asilimia 10, unakuwa 220,000. VAT yake 39,600. Jumla 259,600, na bado tozo nyingine, pango la duka na faida. Shilingi ikishuka mbele ya dola, bei inapanda kesho yake. Ikipanda, utaambiwa "huu mzigo wa zamani".

Kwa hiyo si kila muuzaji ni mwizi. Tatizo ni kwamba bei isiyoandikwa inaficha kipi ni kodi, kipi ni faida, na kipi ni sura yako. Ngoma ya fundi wa kijijini ni mti, ngozi na ufundi, unaona unacholipia. Kinanda huoni.

Kuna na mtego wa risiti. Mashine za EFD zilianza 2010, lakini bado utasikia "bila risiti nakupunguzia". Unaona umepata dili. Wiki ya pili kinanda kimekata sauti, au lile jina kubwa kwenye gita ni la kubandika. Tume ya Ushindani (FCC) inashughulikia bidhaa bandia, sawa, ila wewe utathibitisha nini?

Kwa nini nalikomalia? Kwa sababu muziki wetu umewahi kuamuliwa na bei hii. Tanga ndiyo ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ya Black Star na Lucky Star waliopiga taarabu kwa gita la umeme. Vyombo vilikuwa ghali, wanamuziki wengi hawakuwa na vyao. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilichukuliwa na DDC 1983. Mwanamuziki akigombana na wenye bendi, anaondoka na sauti yake tu. Gita linabaki.

Leo mtaniambia beat zinatengenezwa kwenye kompyuta. Kweli. Lakini mgeni wa hoteli anataka kuona mtu anapiga, na mwenye spika ndiye anayepanga nani alipwe ngapi. Yale yale ya zamani.

Basi kabla ya kupanda gari, pigeni simu maduka matatu, ulizeni bei yenye risiti. Dukani chomekeni umeme, bonyezeni kila kitufe. Na kabla hela haijatoka, andikeni kila mmoja kachanga ngapi na chombo ni cha nani kikundi kikivunjika.

Swali kwenu: kikundi chenu vyombo ni vya nani, na mlinunua bei gani? Tajeni hapo chini, anayefuata asipigwe.