Pikipiki ya umeme ikiongezewa nguvu, kikomo kiko wapi?

Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria jijini Kigali, Rwanda, haisajiliwi isipokuwa iwe ya umeme. Dar es Salaam nako pikipiki na bajaji za umeme zimeshaingia barabarani. Bei ya petroli ikitangazwa na EWURA kila mwezi, madereva wa bodaboda wa Bariadi, Maswa na Itilima nao wana sababu ya kuziangalia. Swali la kwanza la wengi ni hili: fundi anaweza kuifanya ichomoke zaidi?

Anaweza, ila kwa kiasi. Kifaa kiitwacho kontrola ndicho hupima umeme unaotoka kwenye betri kwenda kwenye mota. Betri ya volti 72 ikitoa ampia 40, nguvu ni wati 2,880. Fundi akiifungulia kontrola hadi ampia 60, nguvu inafika wati 4,320. Dereva ataihisi tofauti.

Shida ni joto. Ampia zikiongezeka mara moja na nusu, joto kwenye nyaya za mota huongezeka zaidi ya mara mbili. Ongeza abiria, gunia na tope zito la mbuga zetu, na mota inaweza kuungua. Betri nayo ina kinga yake: ampia zikizidi, inakata umeme, na pikipiki inazima ghafla hata kama unalipita lori. Kuiondoa kinga hiyo ni kukaribisha moto, na moto wa betri ya lithiamu ni mgumu kuzima.

Hata kiwandani faida ni ndogo. Mwaka 2019, Tesla ya Marekani iliuza kwa dola 2,000 programu ya kuongeza mchapuko wa gari lake la Model 3. Wateja walipata takriban nusu sekunde tu.

Tena, chaji inayoliwa wakati wa kuchomoka haitakufikisha mbali. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni zaidi ya kilomita 70.

Kwa hiyo tunashauri uulize kabla ya kununua: betri inaruhusu ampia ngapi, na waranti inabaki kontrola ikiguswa? Kama shida yako ni mzigo na pikipiki inatumia mnyororo, sproketi kubwa ya nyuma itakupa nguvu ya kuondokea bila kuzidisha ampia. Utapoteza kasi ya juu kidogo, lakini betri, ambayo ndiyo mtaji wako, itabaki salama.