Michezo ya video inayochezesha mwili: mashini peke yake haimwinui mtoto kwenye kiti

Saa kumi za mchana, masomo yakiisha, watoto wengi katika miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hawaendi tena kiwanjani. Wengine wanajaa katika sali za michezo, ambako kwa franka chache mtoto anakaa mbele ya televizioni na kucheza mpira kwa vidole gumba. Wengine wanabaki nyumbani na simu ya mama ao ya kaka, wameinama juu ya skrini mpaka giza linaingia.

Wazazi wanalalamika. Lakini kwa muda mrefu sasa, makampuni yanayotengeneza michezo hiyo yamekuwa na jibu: iko michezo ya video ambayo haichezwi mtu akiwa amekaa. Inamlazimisha mtoto kusimama, kuruka, kucheza dansi na kurusha ngumi hewani. Kwa hiyo, wanasema, mtoto apewe skrini inayomchezesha mwili, na ugomvi wa nyumbani utakwisha.

Je, tatizo lililoletwa na skrini linaweza kuondolewa na skrini nyingine? Wachunguzi wa Uingereza na Marekani wamelifuatilia swali hilo kwa miaka mingi. Jibu lao ni: ndiyo, lakini kwa masharti. Na masharti hayo ndiyo yanayopaswa kuangaliwa na mzazi wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia ao Lubumbashi kabla hajatoa pesa yake.

Dakika 60 kwa siku

Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), katika maelekezo yake ya mwaka 2020, linaomba kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 achezeshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, kwa nguvu ya kutosha kumfanya ahemee na kutoka jasho. Si lazima zifuatane. Kutembea kwenda shule kwa haraka, kuruka kamba, mpira, na hata kazi za nyumbani, vyote vinahesabiwa. Mazoezi hayo yanaimarisha moyo, mifupa na misuli, na yanasaidia akili ya mtoto kutulia na kushika masomo.

Watoto wengi hawafikii kipimo hicho. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2019, uliokusanya hesabu za wanafunzi milioni 1,6 kutoka nchi na maeneo 146, ulionyesha kwamba mwaka 2016 vijana 81 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawakuwa wanachezesha mwili vya kutosha. Kwa wasichana hali ilikuwa mbaya zaidi: karibu 85 kwa kila 100, na wavulana karibu 78.

Hapo ndipo michezo ya video ya kusimama ilipoonekana kama dawa. Kama mtoto anapenda skrini kuliko kiwanja, basi kiwanja kiletwe ndani ya skrini.

Kutoka dansi ya Japani mpaka kamera ya Marekani

Mwaka 1998, kampuni Konami ya Japani ilitoa mchezo unaoitwa Dance Dance Revolution. Mchezaji anasimama juu ya jukwaa lenye mishale, muziki unapigwa, na miguu yake inapaswa kukanyaga mshale unaoonyeshwa kwenye skrini kwa wakati wake kamili. Mwaka 2006, jimbo la West Virginia, moja ya majimbo ya Marekani yenye watu wengi wanene kupita kiasi, lilitangaza mpango wa kuupeleka mchezo huo katika shule zake zote za serikali, ambazo zilikuwa 765.

Mwishoni mwa mwaka huo huo, Nintendo ilileta mashini ya Wii. Maneti yake ilihisi mwendo wa mkono: mchezaji wa tenisi alipiga hewa kama anayeshika raketi ya kweli. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Mwezi wa Novemba 2010, Microsoft ilijibu kwa Kinect, kamera inayosoma mwendo wa mwili mzima bila maneti yoyote. Katika siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8.

Mwaka 2007, wachunguzi wa Uingereza waliwapima vijana 11 wa miaka 13 hadi 15 walipokuwa wakicheza Wii. Waliona kwamba mwili ulitumia nguvu zaidi kwa angalau 51 kwa kila 100 kuliko kwa michezo ya kukaa. Lakini waliongeza neno ambalo matangazo ya biashara hayakulipenda: nguvu hiyo ilikuwa chini ya ile ya kucheza tenisi ao ngumi za kweli, na haikutosha kuhesabiwa ndani ya zile dakika 60.

Somo la Houston

Swali gumu zaidi lilikuwa lingine. Ni kweli mtoto akipimwa mbele ya wachunguzi ataruka. Lakini akirudi nyumbani, je, siku yake nzima inabadilika?

Huko Houston, katika jimbo la Texas, wachunguzi walitoa mashini ya Wii kwa watoto karibu 80 wenye miaka 9 hadi 12. Nusu yao walipewa michezo ya kuchezesha mwili, nusu nyingine walipewa michezo ya kukaa. Hakuna aliyewaambia wacheze saa ngapi. Waliachwa kama mtoto anavyoachwa na zawadi ya sikukuu. Kwa wiki 13, katika vipindi mbalimbali, walivaa kifaa kidogo kinachohesabu mwendo wa mwili.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2012, na yaliwashangaza wengi. Kati ya makundi yale mawili hapakuonekana tofauti yoyote. Watoto waliopewa michezo ya kuruka hawakuchezesha mwili kuliko wale waliopewa michezo ya kukaa. Inawezekana kwamba aliyeruka mchana alipumzika zaidi jioni. Inawezekana pia kwamba alijifunza ujanja ambao kila mwenye Wii aliujua haraka: mchezo wa tenisi unaweza kushindwa ao kushindika kwa kutikisa kiganja tu, mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Pokémon Go, mchezo wa simu uliotoka mwezi wa Julai 2016 na kuwatoa mamilioni ya watu barabarani, ulifundisha jambo hilo hilo. Wachunguzi wa Marekani walifuatilia hatua za watu wazima wa miaka 18 hadi 35. Wiki ya kwanza, waliocheza waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku. Ongezeko hilo likapungua kila wiki, na kufikia wiki ya sita walikuwa wamerudi pale walipoanzia. Hao walikuwa watu wazima, si watoto, lakini kila mzazi anajua kitu kipya kinadumu muda gani mkononi mwa mtoto.

Kinect yenyewe haikudumu. Mwaka 2017 Microsoft iliacha kuitengeneza.

Pale ilipofaulu, palikuwa na mtu

Lakini hadithi haiishii hapo. Kuna mahali ambapo mashini hizo hizo zilileta faida.

Mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika majimbo matatu ya Marekani: Massachusetts, Rhode Island na Texas. Watoto 75 wenye uzito wa kupita kiasi waliwekwa, pamoja na wazazi wao, katika mpango wa wiki 16 wa kujifunza kula vizuri na kuchezesha mwili. Kundi moja liliongezewa Kinect na michezo yake miwili. Kundi hilo liliongeza dakika zaidi ya 7 za mazoezi kwa siku, na uzito wao ulipungua kuliko wa wenzao waliofuata mpango bila mashini.

Huko Louisiana, mwaka 2018, yalitangazwa matokeo ya watoto 46 wenye uzito wa kupita kiasi. Nusu yao walipewa Kinect nyumbani kwa wiki 24, wakiwa na ratiba ya kucheza mara tatu kwa wiki pamoja na mtu wa familia ao rafiki. Mwalimu wa mazoezi alizungumza nao kila mara kwa njia ya video, akawauliza walifanya nini na akawatia moyo. Karibu wote walifuata ratiba mpaka mwisho. Mazoezi yao yaliongezeka kwa 10 kwa kila 100, huku ya wenzao wasiopewa mpango huo yakishuka kwa 22.

Tofauti kati ya Houston na Louisiana haikuwa ubora wa mashini peke yake. Houston mtoto aliachwa na mashini. Louisiana alikuwa na saa iliyopangwa, mwenzake wa kucheza naye, na mtu mzima aliyemuuliza: "Leo umecheza?" Mashini ilikuwa chombo tu. Kazi ilifanywa na watu.

Mashariki mwa Congo, ugonjwa ni mwingine

Kuleta dawa hiyo hapa bila kuangalia mgonjwa ni kosa. Marekani michezo hii ilichunguzwa hasa kwa ajili ya kupunguza uzito wa watoto. Hapa RDC, uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 kwa kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa kwa sababu ya kukosa chakula bora. Karibu mtu mmoja tu kati ya watano nchini anapata umeme. Mashini inayohitaji televizioni kubwa, moto wa umeme usiokatika na dola mia kadhaa si mpango wa afya kwa watoto wa hapa. Ni starehe ya nyumba chache.

Isitoshe, watoto wengi wa hapa hawakosi mwendo. Msichana anayepanda kilima cha Kadutu na bidoni ya lita 20 kichwani amekwisha kupita dakika za OMS kabla ya saa mbili za asubuhi. Anachokosa ni mchezo: saa yake mwenyewe, pamoja na wenzake, bila mzigo wala hofu. Kubeba bidoni kunachosha mwili, lakini hakumfundishi mtoto kushirikiana, kushindwa bila kukasirika, wala kucheka.

Na saa hiyo ndiyo inayopotea. Miji imejaa. Viwanja vinagawanywa kuwa parseli, na nyumba zinajengwa mpaka kwenye ukuta wa shule. Vita vimeongeza uzito. Goma ilichukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mzazi anayesikia habari za risasi na za mabaki ya silaha yaliyoachwa katika majani hawezi kulaumiwa akimwambia mtoto wake abaki ndani. Lakini mtoto aliyefungiwa ndani atatafuta skrini, na skrini atakayoipata ni ile ya kukaa.

Kwa hiyo somo la Louisiana lina maana hapa hata bila Kinect. Kinachohitajika ni mahali salama, saa inayojulikana na mtu mzima anayesimamia. Ua wa shule ao wa kanisa unaweza kufunguliwa saa moja baada ya masomo, na mwalimu mmoja ao kijana mkubwa akawepo. Nzango, mchezo ambao wasichana wa Congo wanaruka, wanapiga makofi na kutupa mguu kwa mwendo wa wimbo, unaomba miguu kitu kile kile kinachoombwa na mishale ya Konami: sikio, wepesi na kuwahi. Hauhitaji umeme, na hauchezwi na mtu aliyekaa.

Kwa jamaa walio ng'ambo

Kuna Wakongomani ambao kwao swali la mashini si la mbali. Kwa miaka kadhaa, mpaka mwaka 2024, RDC ilikuwa kati ya nchi zilizoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili kutoka Kivu na Katanga. Watoto wao wanaishi katika majengo ya ghorofa, wazazi wanafanya kazi za usiku, na baridi inafunga milango kwa miezi. Kwao mchezo wa kuruka mbele ya televizioni unaweza kuwa bora kuliko kukaa, mradi tu usigeuke kuwa mlezi wa watoto. Mjomba ao shangazi anayecheza pamoja nao nusu saa anafanya kazi ambayo hakuna kamera inayoweza kuifanya.

Kwa watoto wadogo, tahadhari ni kubwa zaidi. OMS, katika maelekezo yake ya mwaka 2019, haipendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na inaomba wenye miaka 2 hadi 4 wasipite saa moja kwa siku.

Swali ambalo wazazi wa mashariki wanapaswa kuwauliza viongozi wa kata, wakuu wa shule na wao wenyewe si mashini gani inunuliwe. Ni kiwanja gani kimebaki katika mtaa wao, nani ana ufunguo wa mlango wake, na nani atasimama pale saa kumi za mchana watoto wakitoka shuleni. Mtaa ambao hauwezi kujibu maswali hayo matatu, watoto wake wataendelea kucheza mpira kwa vidole gumba.