Flashi ikionekana tupu, usikubali ifutwe

Hapa Likasi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika TFC yake kwenye kompyuta ya kuazima, huisahihisha kwenye nyingine, kisha huipeleka kwenye ofisi ya kuchapa na fotokopi. Flashi moja inapita katika mashine nne au tano. Siku ya kuchapa inafunguliwa, na hakuna kitu ndani ila alama za njia ya mkato. Nimeshuhudia mwenye ofisi akimwambia kijana mmoja: "Virusi vimekula vyote. Tuifute, uanze upya."

Ushauri huo unaangamiza kazi ambayo mara nyingi bado ipo. Angalia kwanza nafasi iliyotumika kwenye flashi. Ikiwa faili hazionekani lakini nafasi imejaa, basi zimefichwa tu. Virusi vya aina hii huzipa faili alama mbili, ya "kufichwa" na ya "mfumo", kisha huweka njia ya mkato mahali pake. Ukiibofya hiyo, unaviamsha virusi. Usiiguse.

Kwenye Windows ya Kifaransa, watu wengi huweka alama kwenye "Éléments masqués" na kukata tamaa wasipoona kitu. Alama ya pili ndiyo inayowazuia. Ondoa pia tiki kwenye "Masquer les fichiers protégés du système d'exploitation". Au fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Wakati mwingine faili zote zimo ndani ya folda isiyo na jina.

Mwenye kompyuta ya Linux ana njia rahisi zaidi: kwa kawaida mfumo huo haujali alama hizo za Windows, hivyo faili huonekana zenyewe. Wenyewe huficha kila jina linaloanza na nukta, na Ctrl+H huyafunua katika programu nyingi za faili. Kwenye Mac, bonyeza Command, Shift na nukta.

Hapo pana somo la pili. Kinachofichwa na mfumo mmoja kinaonekana kwenye mwingine. Kwa hiyo anayeficha picha au karatasi za familia akidhani amezifungia, amejidanganya. Kuficha si kufunga. Kinachofunga ni neno la siri na usimbaji.

Naomba wenye ofisi za kuchapa wajifunze amri hiyo moja kabla ya kumshauri mteja afute. Nasi wateja tuwaambie: nakili faili kwanza mahali salama, kisha ndipo ufute flashi. Na TFC ya miezi mingi isikae kwenye flashi moja tu. Hata ukiitunza vipi mfukoni, siku moja itaingia kwenye mashine yenye virusi.