Kabla ya kutuma arubuni: nyumba, ardhi na mkopo kwa anayehamia Mombasa

Mwenzetu mmoja alihamishwa kikazi kutoka Nakuru akaletwa hapa Bondeni. Wiki ya tatu tu, hata joto hajalizoea, akaonyeshwa nyumba ya vyumba sita karibu na Barabara ya Abdel Nasser. Nyumba ya Kiswahili kabisa: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Bei ilikuwa ya chini hadi akatupigia simu akicheka. Dalali akamwambia kuna mtu mwingine anakuja jioni na pesa mkononi. Basi akatuma arubuni ya shilingi 150,000 kwa simu, kwa nambari ya dalali mwenyewe, kabla adhuhuri haijaadhiniwa.

Jumatatu akaenda benki kuulizia mkopo wa kumalizia. Afisa wa mikopo akamuuliza swali moja: hatimiliki ya kiwanja iko wapi? Kumbe kiwanja hakikuwa kinauzwa. Kilichokuwa kinauzwa ni nyumba peke yake.

Hapa kwetu jambo hili lina jina na halimshtui mtu: nyumba bila ardhi. Mgeni wa kutoka bara akilisikia hudhani ni utani. Si utani. Mitaa mingi ya kisiwani, Majengo na sehemu za Bondeni zikiwemo, ina nyumba ambazo mwenye nyumba ni mmoja na mwenye ardhi ni mwingine. Mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, ambaye huenda ni ukoo wa zamani, huenda ni wakfu, huenda ni mtu asiyeishi hata Mombasa. Mzizi wake ni wa kale. Ukanda wa maili 10 wa pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikatoa sheria ya kusajili hati za ardhi pwani. Waliojua kupeleka madai yao wakapata hati. Waliobaki wakajikuta wapangaji juu ya ardhi ya wengine, na watoto wao na wajukuu wao wakajenga hapo hapo kwa makubaliano.

Hatusemi nyumba bila ardhi ni wizi. Jirani zetu kadhaa wamezaliwa ndani ya nyumba kama hizo, wamezirithi, wamezikodisha, wamewasomesha watoto kwa kodi ya vyumba viwili vya mbele. Ila wewe unayekuja na mkopo wa benki uko katika hesabu nyingine. Mkopo wa nyumba hushikiliwa na rehani inayoandikishwa juu ya hati ya ardhi. Hakuna hati, hakuna rehani, na bila rehani hakuna mkopo wa nyumba. Ni hivyo tu, hata mshahara wako uwe mnono vipi.

Ndiyo maana maoni yetu ni kinyume cha ushauri uliozoeleka. Watu huambiwa: chagua mtaa kwanza, penda nyumba, kisha tafuta wa kukukopesha. Kwa Mombasa, tunasema anza na mkopeshaji. Nenda ukaulize anakopesha juu ya hati ya aina gani, na wapi, na kwa nyumba ya bei gani. Jibu lake litakufutia mitaa mizima kwenye orodha kabla hujamlipa dalali hata nauli ya tuktuk.

Mji wa Kale wenyewe, kwa mfano, unavutia macho. Roshani, milango ya nakshi, bahari mwisho wa kichochoro. Lakini ni eneo la uhifadhi, na Makavazi ya Taifa yana usemi juu ya unachobomoa na unachojenga. Ukinunua kwa nia ya kuongeza ghorofa au kutoboa ukuta upate duka, uliza kwanza kama utaruhusiwa. Kizingo na Tudor hati hupatikana, na bei pia hujitambulisha mapema. Ng'ambo ya Daraja la Nyali kuna Nyali na Bamburi. Mbele zaidi kuna Mtwapa, ambako wageni wengi husema "tumenunua Mombasa" na kumbe wako Kaunti ya Kilifi, na mambo ya ardhi na kodi za kaunti yanafuatwa Kilifi. Kusini kuna Likoni. Kule kiwanja ni nafuu, lakini anayefanya kazi kisiwani atakuwa na feri kila asubuhi. Mwenye miguu havuki kwa kulipa, ni kweli, ila saa zako hakuna atakayekurudishia. Magharibi kuna Mikindani na Miritini, karibu na kituo cha reli ya SGR, na huko ndiko vijana wengi wa rika letu wanaangalia sasa.

Halafu maji. Jamani, ulizeni maji. Mfereji wa Mombasa hupitisha siku nyingi ukiwa mkavu, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Nyumba isiyo na tangi kubwa itakufanya mteja wa kila siku wa mkokoteni wa mitungi, na hiyo ni gharama ya mwezi kama umeme tu. Jirani atakwambia ukweli huu kwa dakika mbili ukikaa naye barazani. Dalali hatakwambia.

Tukirudi kwa mkopeshaji. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ya benki ipatayo 30,000 hivi, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Yaani hii si njia inayopitwa na wengi, na sababu kubwa ni riba. Hebu tupige hesabu. Umekopa milioni 3 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 15 utalipa takriban shilingi 39,500 kila mwezi. Kwa asilimia 9.5 utalipa takriban 28,000. Tofauti ni kama 11,500 kwa mwezi. Ikusanye kwa miezi 240, inafika karibu milioni 2.8. Karibu ununue nyumba ya pili! Na mtu huyohuyo utamkuta amezunguka wiki mbili akimbembeleza muuzaji apunguze 100,000, lakini benki aliingia moja tu, ile iliyo karibu na steji.

Riba ya chini hiyo haipatikani kila mahali. Kuna kampuni inayoitwa KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Haikukopeshi wewe. Inawakopesha benki na Sacco pesa za bei nafuu ili nao wakukopeshe nyumba kwa riba isiyofika asilimia 10. Kuna vikomo vya mkopo na masharti, na si kila benki au Sacco imo. Kwa hiyo ukifika kaunta uliza wazi: mkopo huu ni wa KMRC? Riba ni ya kudumu au hubadilika soko likibadilika? Wengi hawaulizi swali hilo la pili, na ndilo lililowaumiza watu pale Benki Kuu ilipofikisha riba yake asilimia 13 mwaka 2024.

Kwa jirani zetu wengi hapa Bondeni, riba yenyewe ni haramu na mazungumzo yanaishia hapo. Benki za Kiislamu zimekuwepo Kenya tangu 2008, na njia yao kwa nyumba mara nyingi ni ubia unaopungua: benki na wewe mnanunua pamoja, unakaa ndani ukilipia kodi ya fungu la benki, na kila mwezi unanunua kipande hadi yote iwe yako. Sisi tunaona ni mfumo unaoeleweka kuliko karatasi nyingi za mikopo ya kawaida. Lakini halali si lazima iwe rahisi mfukoni. Jumlisha malipo yote mpaka mwisho, ulinganishe. Na hati ya ardhi wataitaka vilevile.

Sacco nayo? Hapa tuna wasiwasi. Sacco nyingi hukopesha kwa akiba yako na wadhamini, bila kushika hati. Ndiyo mwanya watu wanaoutumia kununua nyumba bila ardhi. Inawezekana, ndiyo. Ila mwenye ardhi akiamua kuuza kiwanja, au warithi wake wakigombana, mkopo unabaki wako na wadhamini wako, ambao pengine ni wenzako uliowaacha kule kaunti ulikotoka.

Sasa tuseme kuhusu kazi yetu wenyewe. Sisi tunauza wepesi wa kutuma pesa. Wepesi huo ndio uliomponza mwenzetu. Tangu 2023 mtu anaweza kutuma hadi 250,000 kwa mara moja, na kurudisha muamala ni huduma ya aliyekosea nambari, si ya aliyejutia biashara. Mpokeaji akishazitoa, kuzipata ni vita. Kwa hiyo tunasema, hata kama si faida yetu: arubuni ya nyumba usiitume kwa nambari ya dalali. Kwanza ulizia afisi ya ardhi hati imesajiliwa kwa jina la nani na kama ina rehani. Andikiana mkataba, maana kisheria mauzo ya ardhi lazima yawe ya maandishi. Kisha pesa ipitie akaunti ya wakili. Kama muuzaji ameoa au ameolewa na nyumba hiyo ndiyo ya familia, idhini ya mwenzake nayo iwepo. Na uweke kando ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani mjini: kwa nyumba ya milioni 3.5 hiyo ni 140,000, na wakili na mthamini bado hujawalipa.

Simu ina kazi nyingine muhimu zaidi hapa. Kwa asiye na hati ya mshahara, mwenye kibanda Marikiti au tuktuk mbili, taarifa ya miamala ya miezi 6 au 12 ndiyo ushahidi wake wa kipato. Afisa wa mikopo ataisoma mstari kwa mstari, kamari zako za Jumamosi pia. Na ile mikopo midogo ya simu uliyoisahau, ikizidi 1,000 na isilipwe, yaweza kukupeleka kwenye rekodi za CRB. Sheria inakupa ripoti moja bure kila mwaka. Ichukue kabla ya kwenda benki, maana wao wataichukua tu.

Mwenzetu amerudishiwa 60,000 hadi sasa, kwa vipande vitatu. Zilizobaki dalali husema "kesho inshallah". Yeye amepanga vyumba viwili hapa hapa Bondeni, mwaka wake wa kwanza anaumaliza kwa kodi, na Jumapili hupanda matatu hadi Mikindani kuangalia viwanja. Akifika, la kwanza anaulizia hati, la pili anaulizia maji.